Kutoka Nkuhungu Hata Kolo, Pamoja na Wana Wetu Watu Wazima

Wengi wenu mna watoto wadogo, na kuwatembeza hao si kazi. Ukisema "Twende," mtoto amekwisha kuvaa viatu. Lakini wana wakiisha kukua, wakawa na mishahara yao na wake zao na maneno yao, kuwakusanya kwa safari moja ni kazi kupita safari yenyewe. Sisi, mume na mke, wenyeji wa Nkuhungu katika mji wa Dodoma, tumejaliwa wana watatu, wote watu wazima. Twapenda kuwasimulia jinsi tulivyosafiri nao hata Kolo, katika nchi ya Kondoa, mwezi wa Agosti mwaka 2024, maana huenda habari hii ikawafaa wazee wenzetu.

Kwanza yawapasa kujua sababu. Tulipojenga Nkuhungu jirani walikuwa wachache, na mbuzi walipita mlangoni petu wapendavyo. Mwaka 1973 iliazimiwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, lakini miaka mingi ikapita, hata watu wakafanya neno hilo kuwa mzaha. Ndipo mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia kweli kweli, na mwaka 2018 Dodoma ikaitwa jiji. Bei ya viwanja ikapanda kama moto wa nyikani. Mwana wetu wa kwanza, afanyaye biashara Dar es Salaam, akataka nyumba yetu iuzwe, tununue ndogo mahali pengine, na fedha inayobaki iwe akiba ya uzee wetu. Wa pili, aliye mwalimu hapa Dodoma, akakataa, akasema kitovu chake kimezikwa katika ua ule. Maneno yakawa makali. Tangu Pasaka hawakula sahani moja, na kitinda mimba akawa mjumbe baina yao, akichoka kupeleka na kuleta.

Sisi hatukuita baraza. Tulisema tu ya kwamba twataka kuiona michoro ya Kolo kabla magoti yetu hayajaukataa mlima, na ya kwamba hatuwezi kwenda peke yetu. Neno kama hilo mwana hawezi kulikataa.

Wa kwanza alikuja kwa treni ya umeme, iliyokuwa imeanza safari za Dar es Salaam na Dodoma mwezi wa Julai mwaka ule ule. Reli ya kwanza ilifika hapa mwaka 1910, wakati wa Wadachi, nasi tuliozoea kulala ndani ya treni ya zamani tulistaajabu kusikia kwamba amekuja kwa muda wa kama saa nne tu. Sikukuu ya Nane Nane ilipokwisha, watu wengine wakali wakirudi kutoka maonyesho ya Nzuguni, sisi tulifunga kuku wa kuchoma, viazi vitamu, karanga, zabibu za Dodoma, na maji mengi. Motokaa ni ya mwalimu, naye ndiye aliyeiendesha. Mama yao akaamuru mkubwa akae mbele kando ya ndugu yake, kwa kuwa ana miguu mirefu. Hakuna aliyebisha.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tukapita Miyuji na Msalato, kisha Makutupora, penye visima viunyweshavyo mji wetu. Mibuyu ilikuwa haina majani, imesimama kama wazee wenye mikono juu. Hata Mayamaya wale wawili mbele hawakusema neno. Njia hii ni sehemu ya ile barabara kuu waliyoiwaza Waingereza, kutoka Cape Town hata Cairo. Lakini zamani wakati wa masika malori yalikwama matopeni siku nyingi. Lami ya kutoka Dodoma hata Babati, kilomita 251, ilifunguliwa mwaka 2018.

Tulipoingia wilaya ya Chemba tuliwaambia wana ya kuwa upande wa magharibi ndiyo nchi ya Wasandawe, ambao lugha yao ina sauti za kudodosha ulimi. Kitinda mimba akajaribu sauti hizo, akajiuma. Mwalimu akacheka, na mkubwa akacheka. Kilikuwa kicheko chao cha kwanza pamoja tangu Pasaka.

Karibu na Kondoa tuliwakumbusha habari za mwaka 1916, jinsi majeshi ya Jenerali van Deventer yalivyoutwaa mji huo, na jinsi von Lettow-Vorbeck alivyojaribu kuurudisha mwezi wa Mei asiweze. Vita ile ilikula wapagazi, na nafaka, na ng'ombe wa watu; na ukame ulipofuata, Ugogo ikaingia katika njaa ile babu zetu waliyoiita Mtunya, tangu mwaka 1917 hata 1920. Wana walinyamaza. Ni vema watoto wajue kwamba wametoka katika watu waliobaki.

Vilima vya Kondoa vina makorongo makubwa, maana mvua ilichukua udongo uliokwisha kukanyagwa na mifugo. Mwalimu akaanza kumweleza kaka yake habari za HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, kazi iliyoanza mwaka 1973. Na jinsi mwaka 1979 mifugo yote ilivyoondolewa katika eneo la kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Watu waliona uchungu sana. Lakini nyasi zilirudi, na miti ikaota, na baadaye ng'ombe wa kufugwa zizini wakaruhusiwa. Mkubwa akauliza maswali mengi, kama mfanyabiashara aulizavyo: nani alipata hasara, nani alilipwa? Wakazungumza hata Kolo.

Kolo iko zaidi ya kilomita 20 kaskazini ya mji wa Kondoa. Tulilipa kiingilio katika ofisi ya mambo ya kale, tukapewa kiongozi. Njiani kuna mto mkavu wa mchanga, na humo motokaa ikazama hata mhimili. Basi mkubwa akavua viatu vyake vya mjini akachimba kwa mikono. Mwalimu akatandika mikeka yetu chini ya magurudumu. Kitinda mimba akashika usukani. Nasi wazee tukasukuma kwa midomo. Muda wa saa nzima ukapita. Walipotoka walikuwa na rangi moja, hata usingemjua nani mkubwa nani mdogo.

Tukapanda polepole hata Mongomi. Chini ya mwamba kuna michoro myekundu: twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba wenye nywele za ajabu. Wataalamu wasema kazi hii iliendelea kwa miaka isiyopungua 2,000. Mary Leakey na mumewe Louis waliinakili mwaka 1951, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Tena mwaka 2006 mahali hapo pakatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Iko picha moja ya watu watano, wa katikati akishikwa mikono huku na huku. Leakey aliona kwamba mwanamke anatekwa, na wenzake wanamzuia. Wengine waona ni ngoma. Wana wetu wakasimama mbele yake muda mrefu. Mmoja akasema, "Wanamng'ang'ania." Mwingine akasema, "Wanamtegemeza asianguke." Kiongozi akatabasamu, asiamue.

Wenyeji bado huja pale kufanya matambiko ya mvua. Sisi hatukushiriki, wala hatukudhihaki.

Usiku tulilala mjini Kondoa. Vyumba vilikuwa vichache, hivyo wana wote watatu walilala chumba kimoja, nasi tukasikia sauti zao ukutani hata usiku wa manane. Wakati mwingine zilipanda, kisha zikashuka. Asubuhi walikuja pamoja. Walipatana kwamba nyumba isiuzwe maadamu mmoja wetu yu hai, na nyuma ya ua vijengwe vyumba viwili vya kupangisha, tupate riziki yetu. Mkubwa akasema wazi kwamba bado aona ni hasara, lakini bati atanunua yeye. Mwalimu akasema atasimamia mafundi. Hawakuwa na moyo mmoja katika yote. Walikula sahani moja.

Basi, wapenzi, mkienda Kolo chukueni maji na viatu vya kufunga. Msiiguse michoro, wala msiimwagie maji ili ing'ae, maana maji huiharibu. Na ninyi wenye wana waliokua, msingoje harusi au msiba ndipo mwaite. Waiteni wakati wa afya, na kila mmoja achangie gharama kwa kadiri yake, mafuta huyu, chakula yule, ili safari iwe yao wote. Wala msianze kwa kuhukumu. Wapeni njia ndefu na kazi ya kufanya kwa mikono.

Wasalaam, sisi wazee wenzenu wa Nkuhungu.