Ndege Haina Chesisi

Leo sitagusa PHP wala hifadhidata, jamani, mnivumilie. Tangu wiki iliyopita nimekuwa nikisoma jinsi ndege zinavyojengwa, na kuna jambo moja limenikaa kichwani kwa sababu linahusu kupima, kazi inayonilisha.

Tuanze na umbo. Lori ukiliona kwa mafundi wa bodi, chesisi ndiyo inayobeba kila kitu. Bodi ni nguo tu. Ndege ya abiria haina chesisi. Bati lile jembamba la nje ndilo linalobeba mzigo, likishikiliwa kwa ndani na pete za duara na vyuma virefu vinavyotoka pua hadi mkia. Bawa nalo ni sanduku: mhimili mmoja mbele, mwingine nyuma, mbavu katikati, bati juu na chini. Ndege ikiwa angani bawa hupindwa kwenda juu, kwa hivyo bati la chini huvutwa na la juu hubanwa. Kilichonifurahisha ni kwamba mafuta huwekwa humo humo bawani, na uzito wake hulizuia lisipindwe sana pale linapoungana na kiwiliwili. Mzigo unaopunguza mzigo!

Bawa hutakiwa kustahimili mara 1.5 ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa. Boeing walivunja makusudi mabawa ya 777 mwaka 1995, yakapasuka yalipofika asilimia 154. Safi.

Lakini kuna kuvunjika na kuna kuchoka. Kiwiliwili hujazwa hewa kama mpira kila safari. Huko juu tofauti ya msukumo wa ndani na wa nje huweza kuzidi tani 5 kwa kila mita mraba. Mlango wa chumba chako ungesukumwa na kama tani 8. Ndege ikitua hewa inalegea, ikiruka inajaa tena. Kunja waya mara moja, hautakatika. Ukunje na kuukunjua mara hamsini uone.

Comet ya kampuni ya de Havilland, Uingereza, ndiyo jeti ya kwanza kubeba abiria wa kulipa nauli. Mei 2, 1952, ile yenye namba G-ALYP iliondoka London kwenda Johannesburg, ikapitia Entebbe hapa jirani. Januari 10, 1954 ndege hiyo hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, watu 35 wakafa. Ilikuwa imejazwa hewa safarini mara 1,290. Aprili 8 nyingine, G-ALYY, ikaanguka karibu na Naples na watu 21. Hiyo ilikuwa na safari 900 tu.

Na walikuwa wamepima! Sehemu ya kiwiliwili ilijazwa na kulegezwa takriban mara 16,000 kabla ya kupasuka. Walidanganya? La. Kipande hicho kilikuwa kimetumika kwanza kwenye jaribio la nguvu, kikajazwa hadi kukaribia mara mbili ya kiwango cha kawaida. Mkazo ule uliinyoosha kidogo metali kwenye kona za madirisha, na ulipoondolewa kona zikabaki zimebanwa, nyufa zikachelewa kuanza. Jaribio la kwanza liliharibu jibu la jaribio la pili. Ndege zilizobeba abiria hazikuwahi kujazwa kiasi hicho.

Ukweli ulipatikana Farnborough, walipoiweka Comet nyingine, G-ALYU, ndani ya tangi la maji, mabawa yakichomoza nje, wakawa wanaijaza na kuilegeza kwa maji. Ilipasuka baada ya safari 3,057, yaani 1,221 za kweli na 1,836 za tangini, ufa ukianzia kwenye kona ya dirisha. Siku hizi, kwa kawaida, ndege mpya hutengewa viwiliwili viwili vya majaribio: kimoja cha kuvunjwa, kingine cha kuchoshwa.

Kazini kwetu tunajiandaa kuzindua mfumo wa malipo ya wakulima. Seva ya majaribio huzimwa na kuwashwa upya kila usiku, asubuhi inaamka ikiwa safi. Ile ya kweli itakaa miezi bila kupumzika. Majaribio yote yamepita, wakubwa wameridhika. Nimeomba wiki tatu za kuichosha ile ya majaribio bila kuizima hata mara moja, kwa sababu malipo yakikwama ni mkulima anayerudi nyumbani bila karo, si mimi.

Nimepewa wiki moja.