Kabla hujampeleka mwanao kwa fundi, mnunulie miwani

Mzazi anapompeleka kijana wake kujifunza ufundi, maswali huwa mawili: ada ni shilingi ngapi, na atamaliza lini. Lipo la tatu ambalo halistahili kusahaulika: macho yake yatakingwa na nini?

Swali hili liliingia nyumbani kwetu Tumbi pale mdogo wangu wa mwisho alipomaliza kidato cha nne na kusema anataka kujifunza kuchomelea vyuma. Kazi hiyo huku haina uhaba. Nyumba zinajengwa kila upande, na kila nyumba inataka geti, milango na grili za madirisha. Ukipita Barabara ya Morogoro kuelekea Mailimoja, grenda zinalia tangu asubuhi.

Mama alikataa. Binamu yake alikuwa fundi, na jicho lake moja halioni kwa sababu ya chembe ya chuma. "Mwanangu wa mwisho simpeleki kwenye moto," alisema. Mdogo wangu akajibu, "Mama, sasa nikae tu nyumbani tutazamane?" Kwa siku kadhaa salamu zilikuwa za mkato. Mimi nilikuwa katikati, dada mkubwa na mwandishi wa habari za afya, kila mmoja akitaka nimuunge mkono.

Nilimwambia mama kuwa hofu yake ni ya kweli, ila ina kinga. Nikamwomba anipe nafasi ya kuitafuta.

Macho ya fundi wa kuchomelea yana maadui wawili, nao hawafanani. Wa kwanza ni mwanga. Ule mwanga mkali wa umeme hubeba mionzi isiyoonekana, iitwayo urujuanimno, inayounguza konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Ubaya wake ni kwamba hauumi papo hapo. Kijana anafanya kazi, anarudi, anakula vizuri, kisha saa 6 hadi 12 baadaye anaamka usiku akihisi macho yamejaa mchanga. Yanatoa machozi na hayataki taa.

Maumivu hayo yanawapata pia wanaofika kwenye theluji ya Mlima Kilimanjaro bila miwani ya maana, kwa sababu theluji safi huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo. Ndiyo maana wanaoteleza kwenye theluji huko Ulaya huchagua miwani kwa kuangalia mambo matatu: inakaaje usoni, kioo chake kikoje, na inapitisha hewa? Mzazi wa Kibaha anahitaji maswali hayohayo.

Adui wa pili ni chembe: cheche za grenda, na magamba yanayoruka fundi anapogonga sehemu aliyochomelea kwa nyundo. Konea iliyounguzwa na mwanga kwa kawaida hupona ndani ya siku chache. Chembe ya chuma inaweza kutoboa jicho, na uono ukaondoka moja kwa moja.

Kwa hiyo kifaa kimoja hakitoshi. Kijana anahitaji maski ya kuchomelea, ile ngao inayofunika uso wote, kwa ajili ya mwanga. Anahitaji pia miwani angavu ya kujikinga kwa ajili ya grenda na nyundo. Miwani hiyo huvaliwa hata ndani ya maski, maana fundi akiinua maski kutazama kazi yake, ndipo gamba linaporuka.

Miwani ya jua, ambayo utaiona usoni kwa vijana wengi wa karakana, haifanyi kazi ya maski. Giza la kioo hupunguza tu ukali tunaouona. Kama kioo hakichuji urujuanimno, hali inaweza kuwa mbaya zaidi, kwa kuwa mboni hupanuka gizani na kuruhusu mionzi mingi kuingia. Na hata ile inayochuja haikutengenezwa kwa mwanga wa kuchomelea.

Tulikwenda Kariakoo, upande wa Gerezani, mimi na mdogo wangu. Nilitaka aje mwenyewe, kwa sababu miwani hainunuliwi kwa kukadiria uso wa mtu.

Kwanza, ikae usoni. Ya kwanza tuliyopewa ilikuwa pana. Nilipomtazama kwa upande niliona mwanya kati ya shavu na fremu, na chembe haihitaji mwanya mkubwa. Ya nne ndiyo iliyokaa. Mwambie kijana ainame, atikise kichwa, afungue kinywa, acheke. Isisogee, isibane pua, isiache nafasi pembeni wala chini. Yenye mkanda wa kuzunguka kichwa hushika vizuri kuliko ya kuning'iniza masikioni. Kama anavaa miwani ya daktari, aende nayo, mtafute inayoweza kuvaliwa juu yake.

Pili, kioo. Kwa miwani angavu, tafuta plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Haivunjiki ovyo, na huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno hata kama haina rangi. Tazama maandishi madogo kwenye fremu au kioo: Z87+ au EN 166 ni alama za viwango vya miwani ya kujikinga. Alama inaweza kughushiwa, kwa hiyo shika pia miwani yenyewe. Kioo chenye mawimbi kinachopinda vitu unavyovitazama, kiache. Kwa maski, tazama namba ya giza. Kuchomelea kwa umeme huhitaji kuanzia namba 10 na kwenda juu, kufuatana na ukali wa umeme. Ile miwani ya duara ya mafundi wa gesi, mara nyingi namba 5, haitoshi kwa umeme.

Tatu, hewa. Hili wengi hulipuuza, na ndilo huamua kama miwani itavaliwa. Joto la Pwani unalijua. Miwani iliyozibwa kabisa hujaa ukungu, kijana haoni, anaivua. Yenye matundu wazi hupitisha hewa lakini vumbi na cheche nazo hupita. Tafuta ambayo matundu yake yamefunikwa kwa kikinga juu, hewa ikizunguka kupitia pembeni. Tuliivaa dukani kwa dakika tano, akitembea huku na huku, hadi muuzaji akauliza, "Dada, unanunua miwani au unachumbia?" Tulicheka, lakini hatukuharakisha. Bei yake haikufika ya kuku wa kienyeji. Maski ndiyo iliyotugharimu zaidi.

Kwa fundi tulikwenda na mama. Ni mtu mzima, rika la baba yetu. Nilimwamkia, akaitikia, akaitazama miwani. "Mwanangu, hapa vijana watamwita bishoo." Nikamwambia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, sisi tumeamua tu kumpunguzia mzigo. Akacheka, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye mwenyewe usiku macho humwasha. Alimpokea. Vijana wengine wawili pale bado wanatumia miwani ya jua, na mdogo wangu kweli aliitwa bishoo wiki ya kwanza.

Mzazi mwenzangu, yakitokea maumivu ya usiku, kijana asifikiche macho. Asitiwe maziwa wala majani ya chai. Asipewe dawa ya ganzi ya matone akaitumie nyumbani, kwani inatuliza maumivu huku ikichelewesha konea kupona. Chembe iliyonasa isitolewe kwa njiti wala ncha ya shati. Nendeni kliniki ya macho. Na wadogo wanaorudi shule wakisimama kutazama ule mwanga, waambieni wapite, maana nao una uwezo wa kuwaunguza.

Sharti la mama lilikuwa moja: miwani irudi nyumbani kila jioni. Anaiosha kwa maji na sabuni, haisugui ikiwa kavu, kisha anaiinua kwenye mwanga kutafuta mikwaruzo. Ikianza kuchubuka, ameshasema, hatasubiri kuombwa hela ya nyingine.