Kibaya Kisitoke Bandarini

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii naipenda, lakini kila nisomapo historia ya biashara ya nje ya Japani naona kwamba inatueleza nusu tu ya jambo. Kabla chema hakijajiuza, hapana budi awepo mtu wa kukizuia kibaya mlangoni.

Ndugu wasomaji, Japani haina mafuta wala madini ya chuma ya kuitosheleza. Hununua mali ghafi ng'ambo, ikaitengeneza, kisha ikaiuza ikiwa gari, meli au mashine. Taifa la namna hiyo mtaji wake mkubwa ni jina, na jina hilo halikuwa jema tangu mwanzo.

Bandari ya Yokohama ilipofunguliwa mwaka 1859, bidhaa iliyotafutwa mno ilikuwa hariri, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umewaangamiza viwavi wa hariri huko Ulaya. Wauzaji wakafanya haraka, uzi mbovu ukachanganywa na mzuri, na wanunuzi wakaanza kunung'unika. Serikali ikajenga kiwanda cha mfano mjini Tomioka, kilichofunguliwa mwaka 1872 kwa mashine za Kifaransa na chini ya uongozi wa fundi Mfaransa, Paul Brunat. Wasichana waliogopa kwenda, maana ulienea uvumi kwamba wageni wale hunywa damu. Kumbe walikuwa wakinywa mvinyo mwekundu. Mkuu wa kiwanda, Odaka Atsutada, akamtoa binti yake mwenyewe, Yu, awe wa kwanza kuandikishwa. Waliohitimu walirudi mikoani kwao wakawafundisha wenzao. Jina jema la hariri ya Kijapani lilitoka katika vidole vya wasichana hao. Wala tusisahau gharama yake: katika viwanda vingi vilivyofuata, mabinti walifanya kazi kwa saa nyingi kupita kiasi na kwa ujira mdogo.

Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, kazi ile ilianza upya. Katika masoko mengi, kitu cha Kijapani kilijulikana kuwa ni cha bei rahisi na kisichodumu. Mwaka 1950 Mmarekani W. Edwards Deming aliwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda namna ya kutafuta chanzo cha kasoro kazi ikiwa bado inaendelea, badala ya kungoja kuitupa bidhaa iliyokwisha kuharibika. Mwaka uliofuata wakaanzisha tuzo yenye jina lake. Mwaka 1957 ikapitishwa sheria ya ukaguzi: bidhaa zilizotajwa, kamera zikiwamo, hazikuruhusiwa kwenda nje bila kupasishwa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1997, baada ya viwanda kuzoea kujikagua vyenyewe.

Lakini jina jema si shamba la kurithi. Mwaka 2017 kampuni ya Kobe Steel, iliyoanza mwaka 1905, ilikiri kwamba takwimu za ubora wa baadhi ya bidhaa zake za alumini na shaba zilikuwa zimegeuzwa. Wateja waliopelekewa bidhaa hizo walihesabiwa kwa mamia, wakiwamo watengenezaji wa magari na ndege. Ikawabidi wote waanze kupima upya walichokuwa wamekipokea kwa imani.

Habari hizi huniijia ninapowatazama akina mama wanaochambua kahawa, wameketi mbele ya marundo ya buni, wakizitenga punje nyeusi na zilizotobolewa na wadudu. Kuna wanaoona kuwa kazi hiyo ni ndogo, na wengine hunong'ona kwamba punje mbovu nazo zina uzito kwenye mizani. Ni kweli, zina uzito. Lakini mnunuzi aliye ng'ambo hawajui akina mama hao wala kijiji chao. Analolijua ni jina la nchi lililopigwa chapa juu ya gunia. Anayeitupa punje mbovu hapotezi kitu: analinda bei ya gunia la mwaka kesho.