Video ya harusi yenye sura ya zamani

Mabibi harusi wengi sasa wanataka video zifanane na kanda za VHS za mama zetu. Zinapendeza, lakini usiku wa hina huwa tumevua hijabu. Video hizo tusimpe kila fundi akazihariri. Twaweza wenyewe, kwenye simu. Kwanza weka nakala ya asili pembeni. Kisha kata picha iwe 4:3 kama televisheni za zamani, punguza ukali na rangi, ongeza chembechembe kidogo, andika tarehe kwenye kona. Sisi wa cherehani tunajua, nakshi zikizidi gauni huharibika; chembe zikizidi, uso wa bibi harusi hupotea. Allah atusitiri, amin.