Mama, Gari Laniuma

Hadi leo, gari langu likiwa kwenye chaji, siufungui mlango kabla ya kuligusa kwa mgongo wa kidole. Najua halina neno. Naligusa tu.

Gari lenyewe ni Nissan Leaf, lililoshuka bandarini Mombasa likiwa limeshatumika Japani. Mamangu aliuza bangili zake mbili za dhahabu, chama kikanipa zamu yangu, pesa zilizobaki nikakopa sacco. Mume wangu yuko Doha, dereva. Yeye ndiye aliyesema, "Petroli itatumaliza, chukua la stima." Nikawa napeleka watoto skuli asubuhi, jioni nabeba wageni wa uwanja wa ndege. Usiku nalichomeka kwenye soketi ya barazani. Zinawaka taa tatu za buluu juu ya dashibodi, nami naingia kulala. Mwaka mzima ulikwenda hivyo, alhamdulillahi.

Masika ya 2024 yakaja. Usiku mmoja baada ya mvua nilichomeka waya, na kile kiboksi kilicho katikati ya waya kikawaka nyekundu. Taa tatu za buluu hazikuja. Dashibodi ikatoa mstari wa Kijapani, maana gari langu halijui lugha nyingine. Mpwa wangu akaupiga picha, simu ikatafsiri kitu kama "kagua stima inayoingia". Tulisoma, na hakuna aliyekagua. Nilichomoa, nikachomeka. Nikachomoa, nikachomeka. Nyekundu.

Fundi wa kwanza alitazama dakika tano akasema betri kubwa imekufa. Bei aliyoitaja ilizidi deni lililobaki sacco. Usiku ule sikula.

Wa pili alikuwa kijana mcheshi. Alifungua soketi, akakata kipande cha waya kisichozidi kidole, akaunganisha waya wa niutro na pale panapokaa waya wa ardhi. Kiboksi kikawaka kijani, na taa za buluu zikarudi. Nilimlipa elfu mbili, nikampa chai na mahamri, na alipoondoka nikamwombea dua.

Siku nane gari lilichaji.

Siku ya tisa mvua ilirudi. Ilikuwa baada ya Isha, gari liko kwenye chaji, nami nasonga ugali. Mwanangu mdogo, wa miaka sita, alitoka kuchukua begi lake la skuli garini. Nikamsikia: "Mama, gari laniuma." Nikamwambia aache mchezo, alete begi. Akasema tena: "Mama, laniuma."

Kisha kimya.

Nilitoka. Alikuwa amekaa chini, penye maji. Ameushika mkono wake. Halii. Nilitaka alie. Niliinama kumwinua, bega langu likagusa mlango wa gari. Mwili wote ulinikakamaa. Nikaanguka. Sikuweza kusema. Halafu niliweza. Nikamwita mamangu, azime. Azime stima yote. Hakujua swichi kubwa iko wapi. Nilisikia viti vikianguka ndani, na yeye akimwita Mola wake. Kukawa giza. Ndipo mtoto akalia.

Hospitalini walimpima moyo, wakatuweka mpaka alfajiri. Hawakuona kibaya. Mimi nilikaa kwenye benchi nikihesabu: elfu mbili. Mimi ndiye niliyelipa.

Majuma mawili yaliyofuata sitaki kuyapamba. Gari lilikaa uani likiota vumbi. Wazazi wa wale watoto wa skuli walitafuta dereva mwingine, na siwalaumu. Sacco walipiga simu, nikaiacha ilie. Mwanangu alikuwa akienda msalani kwa kuambaa ukuta, mgongo ukutani, asilikaribie gari. Hilo liliniumiza kuliko simu za deni. Nilikuwa nakaa kwenye msala baada ya sala, nashindwa kuomba chochote. Mume wangu nilimficha siku tatu. Nilipomwambia hakunigombeza. Aliniuliza, "Mtoto anakula?" Nikasema anakula. Akasema, "Basi mengine ni chuma." Mamangu ndiye aliyempigia Ami.

Ami yangu, mdogo wa marehemu baba, alikuwa fundi wa stima bandarini Kilindini mpaka alipostaafu. Alikuja na mita yake na miwani iliyofungwa uzi. Hakuligusa gari. Alizima stima, akafungua soketi, akakiona kile kipande cha waya, akakitoa na kukiweka kwenye kiganja changu bila neno. Akawasha, akapima. Waya wa moto na niutro, volti 238. Moto na ardhi, namba zikawa zinapanda na kushuka tu.

"Mwanangu, huna waya wa ardhi."

"Ami, si huu wa kijani na manjano?"

"Huo upo kwa macho."

Aliufuata mpaka nyuma ya jiko. Pale, fimbo iliyozikwa ardhini ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari, kibanio chake kimekuwa unga wa kijani, na waya umekatika umejiegemeza ukutani. Miaka sita nilikuwa naanikia matambara ya jikoni juu ya waya ule.

Akanieleza. Kiboksi hakiruhusu stima kuingia garini mpaka kione waya wa ardhi uko kazini. Ile taa nyekundu ilikuwa inatulinda, nasi tukamleta mtu aizibe mdomo. Ukishaunganisha niutro na sehemu ya ardhi, siku niutro ikilegea, stima hutafuta njia nyingine ya kurudi, na njia hiyo ni bati la gari. Niutro yetu ilikuwa imelegea kwenye ubao wa stima. Kilichomwokoa mtoto, baada ya Mungu, ni kandambili za mpira.

Ami alizika fimbo mpya ya shaba, mita moja na nusu, pale maji ya jikoni yanapopita ardhi ikabaki na unyevu. Akakaza niutro ubaoni, kisha akavuta waya mnene wa gari peke yake, na breka yake, na ile swichi inayojikata yenyewe stima ikivuja. Plagi ya ampea 13 ilikuwa imeungua meno, maana gari lilivuta zaidi ya hizo kwa saa nyingi mfululizo, nami sikuwahi kuigusa kuona ina joto. Akaweka soketi ya buluu ya ampea 16. Kiboksi kikawaka kijani bila hila.

Mwezi uliofuata taa kadhaa za dashibodi ziliwaka kwa pamoja asubuhi, na magoti yakaniishia nguvu. Ilikuwa betri ndogo ya volti 12 tu, imezeeka. Tukabadilisha.

Wazazi wawili wamerudi. Deni lingalipo, linapungua. Mwanangu sasa anakaa kiti cha mbele, lakini hutaka mlango nimfungulie mimi, nami humfungulia.

Wewe ambaye usiku huu kiboksi kimekuwakia nyekundu, na deni linakusukuma, na kuna mtu amekwambia ana njia ya mkato: mruhusu aende zake. Mtafute mwenye mita apime waya wa ardhi kwanza. Na mtoto akikwambia gari lamuuma, usimjibu. Kimbia ukazime swichi kubwa.