Piano iliyokufa inaanza kusema

Wanafunzi wenzangu, wengi wenu mumesikia mlio kama wa nyuki mukubwa unatoka mu chumba ya fizike kila jioni, na munauliza mukubwa wenu anafanya nini mule. Basi nieleze.

Kwaya yetu haina piano. Mpya ni bei kubwa. Lakini ku soko tulipata moja ya plastiki iliyovuka ziwa kutoka Kigoma, fundi wa radio anaiuza kama vipande, juu imekufa. Wengine walicheka. Kumbe iliyokufa ni ile sirkwi ya kiwanda tu. Vibao vyake 49, vyeupe na vyeusi, ni vizima vyote.

Sauti tulitengeneza sisi wenyewe na sirkwi ndogo inayoitwa 555, yenye miguu nane, inauzwa tangu 1972. Kazi yake ni nyepesi: kondansatere inajaa umeme mpaka theluthi mbili za volti, inashuka mpaka theluthi moja, inajaa tena. Ikifanya vile mara 440 kwa sekunde, unasikia LA. Ukipunguza rezistansi yote nusu, inajaa mbio mara mbili, unapata LA ya juu, 880. Na juu ni theluthi, mawe ya radio yakichoka noti haihami sana. Njo ile ile tuliyoandika mu daftari mwaka jana, lakini mu daftari haikulia!

Kazi ngumu ilikuwa kukata njia za zamani chini ya vibao kwa wembe, kisha kusude kila kibao na potansiometa yake. Kura ilikuwa inakatika, vijana wa darasa la tatu wanashika tochi. Feza ilitosha vibao 25, ni kusema oktava mbili. Mlio ulikuwa mukali kama msumeno, tukaongeza rezistansi ya kilo-om 10 na kondansatere ya mikrofaradi 0.1, ikala sauti za juu, ikawa laini.

Iko na shida yake. Inasema noti moja tu. Ukigusa vibao viwili pamoja haitoi noti mbili, inatoa ya tatu ambayo hakuna mutu aliomba. Watu wa tenor hawajanisamehe.

Lakini sikieni hii. Piano ya kiwanda inalazimisha kwaya imufuate. Nyimbo za wazee, zile za likembe, noti zake haziingie mule sawasawa. Kwa yetu, kila kibao kiko na visi yake: tulizungusha turnevisi polepole mpaka dada mmoja wa alto alisema, « Hapo! Hapo hapo! » Kule Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa Konono N°1 alitengeneza mikro za likembe na sumaku za magari ya zamani, na sahani yao Congotronics ya 2004 ilisikika Ulaya nzima. Hakungojea kiwanda.

Wakubwa wa kwaya bado wanabishana: tuweke akiba ya piano mpya, ao tuchezee hii siku ya kufunga mwaka? Mimi nitakuwa nimeenda, kisha mutihani wa Serikali. Vijana wawili wa darasa la tatu wanajua kusude kunipita sasa, turnevisi ninawaachia. Vibao 24 bado vimenyamaza.