Mtoto aliyefichwa ndani ya geti

Kwa muda mrefu geti la nyumba moja ya Kigogo, Dar es Salaam, lilikuwa likifungwa kwa kufuli hata mchana. Majirani walidhani wenyewe wanaogopa wezi. Kumbe ndani kulikuwa na mtoto wa kiume ambaye mama yake hakutaka aonekane.

Mtoto alikuwa haongei. Ukimwita jina hageuki. Angeweza kukaa saa nzima akizungusha mfuniko wa sufuria, na honi ikipigwa barabarani anaziba masikio na kulia kwa nguvu. Bibi yake alisema, "Mwacheni, hata baba yake alichelewa kusema." Jirani mmoja alisema amedekezwa. Mwingine alinong'ona kuwa nyumba ile ina mambo. Mama alipochoka kuwajibu, alinunua kufuli.

Mtoto alikuwa na miaka minne walipofika hospitali na kuambiwa ana usonji. Daktari alimweleza mama kwamba usonji hauambukizi, haurogwi, wala hauletwi na malezi mabaya. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyokua tofauti. Hakuna dawa ya kuuondoa, lakini mazoezi ya kuwasiliana na ya kujihudumia, yakianza mapema, humsaidia mtoto sana.

Akiwa amekaa kwenye benchi nje, machozi yakimtoka, mama mwingine aliyekuja na binti yake alimsogelea.

"Umeshamtambulisha mtaani?" alimuuliza.

"Kwa nani?"

"Kwa kila mtu, mwenzangu. Mwenye duka, mjumbe, vijana wa bodaboda. Siku akitoka peke yake hataweza kusema anaishi wapi. Watasema wao."

Alirudi nyumbani na maneno hayo, akakaa nayo karibu mwezi mzima. Kisha Jumamosi moja alimshika mtoto mkono, akatoka. Haikuwa rahisi. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe pembeni kana kwamba ataambukizwa. Lakini kwenye kijiwe cha bodaboda vijana walimwamkia, wakamsikiliza, wakauliza maswali ambayo hata ndugu hawakuwahi kuyauliza.

"Anapenda nini, mama?"

"Maji. Na kitu chochote kinachozunguka."

"Akikimbia tumshikeje?"

"Msimkamate kwa nguvu wala msipige kelele. Mkaeni karibu, mmwonyeshe kitu kinachozunguka."

Wakati wa masika, fundi aliyekuja kutengeneza bomba aliliacha geti wazi. Mama alipotoka jikoni, mtoto hakuwepo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na Mto Msimbazi ulikuwa umejaa. Alikimbia pekupeku hadi kijiweni. Kabla hajamaliza kueleza, pikipiki tatu zilikuwa zimeshaondoka, kila moja na njia yake.

Walimkuta kwenye mteremko wa kuelekea mtoni. Mama alipofika, pikipiki ilikuwa imesimamishwa, injini imezimwa, na kijana wa bodaboda amechuchumaa akilizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Mtoto alikuwa ameketi kando yake kwenye tope, ametulia, akiliangalia gurudumu.

Tangu siku hiyo baba wa mtoto, ambaye alikuwa hataki habari hizi zitoke nje ya nyumba, alianza kwenda na mkewe kwenye kikundi cha wazazi alichoingizwa na yule mama wa kwenye benchi. Ni familia chache tu. Hukutana nyumbani kwa mmoja wao, na wazazi wawili hubaki na watoto ili wengine wapate kwenda sokoni au kulala kidogo. Hapo ndipo walipojifunza kutumia picha za chakula, choo na kitanda ili mtoto aonyeshe anachotaka. Hapo ndipo waliposikia pia kwamba Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Ilala, ina kitengo cha watoto wenye usonji, na kwamba sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto wao haki ya kusoma.

Mzazi mwenye wasiwasi hahitaji kusubiri mtoto afike miaka minne. Mtoto wa mwaka mmoja asiyeitika jina lake, wa mwaka mmoja na nusu asiyenyoosha kidole kuonyesha kitu, au aliyeanza kusema maneno kisha akayapoteza, apelekwe kliniki. Asiwe wa kuambiwa tu "atasema mwenyewe". Afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri anaweza kuielekeza familia kwenye huduma zilizopo, na afisa elimu kwenye shule yenye walimu wa elimu maalumu. Na pale kliniki, mzazi amuulize aliyekaa karibu naye anaishi wapi. Wazazi wawili wanatosha kuanza.

Mtoto yule sasa ana miaka saba. Bado maneno yake ni machache. Geti la kwao bado linafungwa, kwa sababu bado anapenda maji na mto haujahama. Lakini ufunguo mmoja uko kwa mwenye duka, na jioni, mtoto akipita na mama yake, kijiweni hakosekani wa kumzungushia gurudumu.